Kombe la Flashi

Mkebe wa biskuti wa marehemu Mama haukuwahi kuwa na biskuti tangu nipate akili. Nilipoufungua wiki iliyopita, wageni wa arobaini wameshaondoka na masufuria ya kuazima yameshakwenda kwa wenyewe, harufu iliyonipokea ilikuwa ile ile ya siku zote: wanga, buluu ya kufulia, na sindano zilizoanza kushika kutu. Nilitoa kitu kimoja kimoja. Vipande vya penseli vifupi kuliko kidole changu cha mwisho, ukanda wa kupimia uliofutika namba, vifungo visivyofanana. Chini kabisa, ndani ya leso iliyofungwa fundo, palikuwa na flashi nyeusi isiyo na kifuniko. Kwenye ufa wake palikuwa na mstari mwembamba wa manjano.

Nilikaa kitako pale pale sakafuni. Manjano ile ni zafarani, na aliyeitia ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa.

Wa rika langu hamna haja ya kuelezwa flashi ilikuwa nini kwetu. Tulizivaa shingoni kwa kamba kama hirizi, tukazipeleka saiba, kwenye kompyuta za kukodi, na kuzirudisha nyumbani na virusi vya kila namna, na aliyekuwa nayo hakukosa marafiki. Lakini hii ilikuwa ya Kaka Athman, na mimi nilikuwa naiogopa. Mpaka leo, mtu mzima na kazi yangu ya ofisini, nikiulizwa niliiogopea nini hasa, nababaika.

Tulikuwa tukikaa Amu, mtaa wa Langoni, kwenye nyumba yenye kiwanda kidogo katikati, ule ua wa ndani ulio wazi kwa juu, ambapo Mama alifanyia kazi mpaka jua limfukuze. Baba alifariki nikiwa sijajua kutembea. Mwanamume wa nyumba niliyemjua mimi ni Kaka Athman, aliyenizidi miaka kumi na mitatu, na ambaye alinifunga viatu, alinipeleka chuoni kusoma Kurani, na kunitisha kwa paka wa jirani nikikataa kula. Kwangu mimi alikuwa kama ukuta wa nyumba. Sikuwahi kufikiri kwamba ukuta unaweza kupanda mashua ukaenda zake.

Mama alikuwa mchoraji wa kofia. Si mshonaji, angalieni. Washonaji Amu ni wengi, wanawake kwa wanaume, lakini wachoraji wa kuaminika walikuwa wa kuhesabika. Kazi yake ilikuwa kuchora kwa penseli, juu ya kitambaa cheupe, maua na vitundu ambavyo mshonaji atavifuata kwa sindano miezi mitatu, minne. Ugumu uko kwenye ule ukanda wa pembeni unaozunguka kichwa. Maua lazima yaanze na kuishia mahali pamoja, lisibaki ua nusu, na kila kichwa kina kipimo chake. Mama alipima kichwa cha mtu kwa shibiri na vidole, akafumba macho kidogo, akachora, na ua la mwisho likakutana na la kwanza. Ukimuuliza amefanyaje, anakasirika.

Vitambaa vyake vingi vilishonwa Chundwa, kisiwani Pate. Alama alizochora alizibuni mwenyewe: nukta moja ni kitundu, nukta mbili ni kitundu cha kuzungushiwa uzi, kijiti kilicholala ni mahali pa kuruka. Mshonaji mpya akipokea kitambaa haelewi kitu, na zamani ilibidi shangazi yangu apande mashua akamkalie siku mbili kumsomea. Shangazi alipochoka na mawimbi, Mama akaja na dawa yake. Kwenye pembe ya kila kitambaa alishona kijipande kidogo cha mfano: alama hii hapa, na mshono wake huu hapa. Tangu siku hiyo kitambaa kilikwenda peke yake na kikajieleza chenyewe kwa yeyote aliyekishika. Kofia ikiisha, pembe ile inakatwa na kutupwa.

Kisha Mama akaugua. Homa ilimlaza wiki mbili, na ilipomwachia, ilimwachia mikono inayotetemeka. Akishika penseli, ua linatoka kama limechorwa ndani ya mashua. Hospitali alikwenda, dawa alipewa, na Mwalimu wetu wa chuoni naye akamwandikia kombe. Nililiona likiandikwa, aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha marashi yakamwagwa, maandishi yakayeyuka, na maji yakawa manjano. Mama akayanywa yote na kuipindua sahani.

"Mama," nilimuuliza, "sasa yale maandishi atayasoma nani tumboni?"

"Hayasomwi, mwanangu. Yameshasomwa na aliyeyaandika. Yakiingia ndani yatafanya kazi yenyewe."

Usiku ule alilala usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata siku nyingi. Mikono ilibaki vile vile, lakini mimi nilishaona la kuona, na jibu lake nikalihifadhi.

Kaka Athman alikuwa amemaliza masomo yake ya kompyuta Mombasa, na alirudi na kompyuta ya mkononi ya zamani iliyofungwa bawaba kwa waya. Alimkuta Mama amekaa na kitambaa kitupu mapajani. Kesho yake alikaa mbele yake na daftari, akaanza kumhoji kama polisi.

"Mama, ukianza ukanda, ua la kwanza unaliweka wapi?"

"Siyui."

"Huyui vipi na umetora miaka thalathini?"

"Mkono ndio unayua. Muulize mkono."

Walihojiana mwezi mzima hivyo. Mama alichoka, alimfukuza, akamwita tena aje: "Athmani, ndoo, nimekumbuka. Ua la mwisho nalipunguza kidogo, si yote." Kaka aliandika. Nilipochungulia kwenye kompyuta yake niliona mistari ya maneno ya Kiingereza na namba, imeingia ndani na kutoka nje kama ngazi, na sikuona ua hata moja. Halafu siku moja akaita tuje. Kwenye kioo palitokea swali, kwa Kiamu chetu hasa: KITWA CHA NANI? Akaandika jina langu. Chini yake likatokea jengine, KIPIMO, akajaza. Halafu akanishika kidole akanibonyezesha mahali palipoandikwa TORA, yaani chora. Maua yakachipuka moja baada ya jengine, yakazunguka, na la mwisho likawa dogo kidogo, likakutana na la kwanza.

Mama aliziba mdomo kwa mtandio. Kisha akasema, "Huyo ni mimi."

Mimi nilisema, "Hapana, ni Kaka." Sikufanya ubishi. Nilikuwa nimeona mkono wa nani uko juu ya kompyuta.

Karatasi ilichapishwa saiba, nami nilipewa kazi ya kuitoboa kwa sindano kufuata mistari. Mama aliweka karatasi juu ya kitambaa na kuisugulia buluu ya kufulia kwa pamba, na kusugua hakutaki mkono uliotulia. Alipoinua karatasi, ua lilikuwa limeshuka kitambaani. Alianza tena kuimba akifanya kazi. Nyumba ilirudi kuwa nyumba.

Hapo ndipo Kaka alipopata barua ya kazi. Ng'ambo, Ghuba, kazi ya maana ambayo vijana wengi wangeikimbilia. Niliwasikia wakizungumza kiwandani nami nimejibanza nyuma ya mlango.

"Nenda, mwanangu. Umesoma uje ukae na mimi?"

"Nikienda, kompyuta naenda nayo, kazi wanaitaka. Na hini programu haifanyi kazi kwengine. Siwezi kukuacha hivi. Mpaka ifanye kazi bila mimi, siendi."

Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Mpaka ifanye kazi bila mimi, siendi. Nilikwenda kucheza na nyuzi mlangoni na moyo wangu umetulia tuli. Niliona hakuna kitu kinachoweza kufanya kazi bila Kaka.

Siku ya kwanza aliponichukua kwenda saiba kuijaribu, karibu nicheke. Mwenye saiba alikuwa Bwana Mutua, mtu wa bara, mnene, mpole mpaka uguse kompyuta zake. Kaka alichomeka flashi, akabofya, na badala ya maua yakaja yale maneno yake ya ngazi, yamekaa tu. Akabofya tena. Yakakaa tu.

"Inataka programu ya kuisoma," alisema Kaka. "Niiweke mara moya tu, Bwana Mutua."

"Hapana, hapo hapana, Athman. Hapa hakuna mtu anaweka kitu. Na hata ukiweka haisaidii. Hizi mashine zangu nimezifunga: nikizima jioni, asubuhi zimesahau kila kitu watu waliongeza. Si ndiyo maana hazina virusi?"

Njiani Kaka alijaribu kunieleza, kwa kuwa nilimsumbua. Alisema ameandika kwa lugha ambayo kompyuta yenyewe haiijui. Kwenye ile yake ameweka programu nyengine inayosoma ile lugha, mstari kwa mstari, na kuiambia kompyuta la kufanya. Kwa Mutua haipo, kwa hiyo maandishi yanabaki maandishi. Nilimwitikia "ehe, ehe" mpaka nyumbani. Hiyo programu nyengine mimi sikuwahi kuiona. Nilichokiona ni kwamba kila maua yalipotoka, Kaka alikuwa amekaa pale, na kwa akili yangu, kilichokosekana kwa Mutua ni yeye. Alikuwa pale, ndiyo, lakini labda kompyuta ile haikumjua. Hapo penyewe palinichanganya kidogo, nikaamua kutopachimba.

Wiki zikapita. Kaka alikuwa mkali, hakuwa akila vizuri, macho mekundu. Kila aliposhindwa mimi nilinenepa. Kisha asubuhi moja Mama alikuwa anashona kile kijipande cha pembeni, taratibu, sindano inayumba, kwa ajili ya mshonaji mpya wa Chundwa. Kaka alikuwa anakunywa chai. Alikitazama kile kijipande, akakitazama tena, akaweka kikombe chini.

"Mama," alisema, "mshonaji akiwa hayui alama zako, humfunzi. Unakipa kitambaa kiende na mafunzo yake."

"Na wewe umekitambua leo?" Mama alimcheka.

Hakumaliza chai. Siku tatu alijifungia na kompyuta yake chumbani, na alipotoka alisema amefunga vyote pamoja katika faili moja, programu na yule msomaji wake ndani kwa ndani, kiasi kwamba mahali popote utakapoichomeka haihitaji kuwekewa kitu. Faili la kwanza lilikuwa jepesi, linaingia kwenye flashi kufumba na kufumbua. Hili liliingia polepole, mstari wa kijani unatambaa, unasimama, unatambaa. Niliuliza kwa nini limekuwa zito.

"Kwa sababu nimelitilia ndani kila kitu linachokihitaji," alisema, na akajinyoosha mgongo. "Halinihitaji tena."

Nilimtazama. Mashati yalikuwa yanampwaya. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Faili limenenepa na Kaka amekonda. Alichokuwa nacho amekitoa, amekitia mle.

Kwa Mutua, mara ya kwanza mlinzi wa virusi, ile programu inayovikamata, aliliona faili akapiga kelele nyekundu kioo kizima, na Bwana Mutua akapiga zaidi yake. "Athman! Sasa wewe pia!" Nikamshukuru Mungu. Lakini Kaka alimtuliza, akamwonyesha lilivyo, na Mutua, aliyempenda Mama, akaliruhusu lipite. Kisha Kaka akafanya jambo ambalo sikulisamehe kwa muda mrefu. Alitoka nje. Alikwenda kusimama upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli cha duka la vitambaa, akaipa saiba mgongo, akamwambia Mama, "Sasa bonyezeni wenyewe."

Kioo kilikaa cheusi kitambo kidogo. Tukasubiri. Halafu KITWA CHA NANI?

Mama alibonyeza kwa kidole kinachotetemeka na maua yakazunguka, na Kaka yuko nje, na hakuna kilichoharibika. Bwana Mutua akapiga makofi. Mama akalia kwa furaha. Mimi pia nililia, na wote wakadhani ni furaha hiyo hiyo.

Safari ilikuwa keshokutwa. Mchana ule nilikaa nikipanga, na mantiki yangu, nikiitazama leo, haikuwa na ufa mkubwa. Kilicho ndani ya flashi kimetoka kwa Kaka. Kikirudi kwa Kaka, kazi haitafanyika bila yeye. Isipofanyika, haendi. Sasa maandishi yanarudije ndani ya mtu? Hilo nilikuwa nalijua vizuri sana, nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Na si alisema mwenyewe kwamba halihitaji kompyuta yake, litafanya kazi popote utakapolitia?

Baada ya sala ya Alasiri, Mama alikuwa kwa jirani, na shati la Kaka liko kwenye msumari na flashi mfukoni. Yeye nilimsikia juu akipanga sanduku. Nilichukua sahani nyeupe yenye ufa, nikachota zafarani kwenye kile kikopo cha Mama ambacho mtoto hagusi, nikamwaga marashi, nikaizamisha flashi. Vipovu vitatu vilitoka. Nilifurahi kuviona, niliona kinayeyuka. Nilisoma Fatiha, nikasoma na sura nyengine nilizozijua, moja nikaikosea na kuirudia. Nilikaa pale katikati ya kiwanda, nimeinama juu ya sahani, na kwa kuwa nilikuwa naogopa mlango, niliutazama mlango tu. Juu sikutazama. Kisha nikayamimina maji kwenye gilasi, nikaifuta flashi kwa gauni langu, nikairudisha mfukoni.

Nilipanda ngazi. Kaka alikuwa amekaa kitandani kando ya sanduku lililo wazi, mikono mitupu, hapangi kitu.

"Ni nini?"

"Mayi."

"Mayi ya manjano?"

"Ya dawa."

"Dawa ya nini, Esha?"

Uongo ulinikimbia. "Ya safari," nilisema.

Alilishika gilasi muda mrefu. Kisha akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa yote, hakuacha hata tone, na akalipindua gilasi juu ya kiganja kama wanavyofanya watu wazima wakinywa kombe. Akanirudishia, akanipapasa kichwa. "Ahsante," alisema. Nilishuka ngazi nikikimbia.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda saiba mara ya mwisho, ili Mama na mimi tujifunze vizuri. Kaka alichomeka flashi. Kimya. Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka upande mwengine. Kompyuta haikuijua kabisa. Bwana Mutua aliichukua, akaisogeza puani.

"Athman, hii flashi yako inanuka biriani."

Kaka aliichukua akaitazama. Akanitazama mimi. Sijapata kutazamwa vile tena maishani. Hakukasirika, hakucheka, macho yake yalijaa kitu nisichokijua, na mimi nilikijua kwa njia yangu: nikaona kimerudi. Yote yamerudi kwake, yako mle ndani nyuma ya macho yale. Nilimshika mkono kwa nguvu.

"Imeingia mayi," alimwambia Mutua. "Bahati mbaya."

Akatoka, akaenda nyumbani, akarudi na kompyuta yake yenye waya. Akaomba flashi nyengine. Mstari wa kijani ukatambaa, ukasimama, ukatambaa, na kabla Mutua hajamaliza soda yake, faili lilikuwa limeingia tena, zito vile vile. Akamwachia Mutua na nakala ya pili, ya akiba.

Wenzangu, sikuelewa. Alikuwa amekitoa, akakinywa, akakitoa tena, mara mbili, na amesimama palepale, hajapungua hata kidogo. Mtu anatoaje kitu kile kile mara mbili? Na kama anaweza kukitoa bila kupungua, basi alikonda kwa nini? Na kombe langu lilikwenda wapi? Nilimuuliza Mama, akaniambia niache maneno mengi tunachelewa.

Kesho yake Mama alisimama mlangoni ameinua msahafu kwa mikono yake miwili inayotetemeka. "Pita tini yake, mwanangu." Kaka akainama akapita, akarudi, akapita tena. Alipofika kwangu nilimnong'oneza, "Unayo bado?" Hakuniuliza nini. Alisema, "Ninayo." Siku nzima Mama hakuruhusu nyumba ifagiliwe, ili nyayo zisifutike.

Tuliendelea kwenda kwa Mutua kwa miaka mingi baada ya hapo. Kila tukifungua faili, kioo kilikaa cheusi kitambo kile kile, na mimi nilihesabu kimoyomoyo nikiogopa safari hii hakitawaka. Nilikuwa bado naamini kwamba kimo humo kiasi fulani cha Kaka, na kila kofia inakipunguza. Nikimwomba Mama tuchapishe moja badala ya tatu, alishangaa. "Unanibania nini, weye?" Nilipofika sekondari na kuelewa nakala ni nini, nilijicheka, lakini nusu nusu. Kwa sababu Kaka alipungua kweli. Kwanza alikuja kila mwaka, kisha kila miaka mitatu, kisha ikawa sauti kwenye simu inayouliza kama Mama amekula. Alioa huko, akazaa huko. Mama alipofariki, alizikwa kabla ya Magharibi siku ile ile, na Kaka alifika siku ya tatu, ndevu zina mvi, akasimama mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Basi nilipoiona flashi ile nilimwita, maana alikuwa amebaki mpaka arobaini ipite. Alikuja akakaa sakafuni kando yangu, magoti yakilia. Mama ndiye aliyekuwa ameiokota saiba siku ile. Hakuwahi kutupa kitu. Nikaleta kompyuta yangu ya kazini. Haina lugha yoyote ya programu, naandikia barua na ripoti tu. Nilichomeka bila matumaini, na ule ukavu wa miaka yote ukawa umeifaa. Ikasoma. Nikabofya. Kioo kikawa cheusi.

Tulisubiri pamoja.

KITWA CHA NANI?

Kaka aliandika jina la Mama. Kipimo chake hatukukijua, hakuna aliyewahi kumpima aliyekuwa akipima watu, basi akakisia. Akabonyeza TORA. Maua yakaanza, moja baada ya jengine, na la mwisho likapungua kidogo, si yote, likakutana na la kwanza. Hapo ndipo nilipokubali, baada ya miaka yote hii, kwamba Mama alisema kweli siku ile na mimi nilikosea. Mle ndani alikuwa yeye. Nililia kama sikulia siku ya mazishi.

Tulipotulia, nilimwambia Kaka nina jambo la kumwomba radhi. Nikamwonyesha ule mstari wa manjano. "Nilikunywesha flashi yako," nilisema. "Ile dawa ya safari, nilitaka usiende."

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa dirishani juu. Nilikuona tangu unatia zafarani. Nikakusikia unasoma, ukakosea, ukarudia."

"Na ukanywa?"

"Nikanywa."

"Kwa nini?"

Alikuwa anaitazama kompyuta, yale maua yaliyosimama.

"Niliomba mayi yale yafanye kazi," alisema.